Nimestaafu, mkupuo unayeyuka na mama watoto hanisemeshi

Mpendwa mshauri,

Safu hii nimekuwa nikiisoma zaidi kwa kujifurahisha, nikishangaa watu wanavyoanika mambo yao. Leo zamu yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliajiriwa mwaka 1991 nikastaafu kwa mujibu wa sheria mwaka 2025 nilipotimiza miaka 60. Miaka 14 ya mwisho nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya kata huku mkoani Morogoro. Niliishi nyumba ya shule, familia ikawa hapa Kihonda, nami nilikuja mwisho wa wiki kama hakuna mitihani, wakaguzi au kikao cha wilaya. Mara nyingi vilikuwepo.

Nilidhani nikistaafu nitapumzika. Mwanzoni ilikuwa raha kweli. Sasa naamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, naoga, nanyoa ndevu, navaa shati la kola, halafu nakaa sebuleni. Baadaye kidogo nasikia kengele ya shule ya msingi iliyo jirani, watoto wanaimba wimbo wa taifa, na hapo ndipo siku inaponishinda. Simu yangu zamani ilikuwa haitulii: afisa elimu, mzabuni, mzazi anayelalamikia mchango wa chakula. Siku hizi ikilia ni ujumbe wa kampuni ya simu unaonikumbusha kununua bando. Kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule niliondolewa wiki ileile niliyokabidhi ofisi. Najua ndio utaratibu. Ila hakuna aliyeandika hata "asante mzee wetu".

Nyumbani nako siko sawa. Nilipoona mambo yanakwenda bila mpangilio niliandika ratiba ya binti wa kazi, nikaibandika kwenye mlango wa friji: saa ya kufagia, saa ya kuosha vyombo, saa ya kuanika nguo. Mama watoto aliibandua bila kusema neno. Ana fremu yake barabarani, anashona sare za shule kwa cherehani mbili. Nikamwambia nitamsaidia kusimamia hesabu, maana naona hana hata daftari la mapato. Akanijibu, "Baba Neema, hapa si shule." Tangu siku hiyo tunaongea ya lazima tu: umeme umeisha, gesi imeisha.

Sasa kuhusu fedha. Wastani wa mshahara wangu uliotumika kwenye mafao ulikuwa shilingi 1,200,000. Nilipokea mkupuo, yaani mafao yanayolipwa mara moja, milioni 50.6, na pensheni ni shilingi 506,000 kwa mwezi. Imepita miezi minane tangu mkupuo uingie. Nilimlipa mkopeshaji wa mtaani aliyekuwa ameshika kadi yangu ya benki, milioni 4.3. Nyumba nimeimalizia madirisha, dari, vigae na geti, milioni 11.5. Kijana wangu wa kwanza aliye Dar nimempa mtaji milioni 5. Mdogo wangu nimemnunulia pikipiki, milioni 3. Sherehe ya kuniaga tuliifanya vizuri, niliongeza milioni 1.9 mfukoni mwangu. Harusi, misiba na harambee ya kanisa, milioni 2.4. Zimebaki milioni 18. Kuna kama milioni nne na nusu ambazo nikikaa kuzitafuta sizioni zilikokwenda. Sinywi sana, sina mwanamke nje. Natoka tu jioni kidogo, nakaa na watu pale kijiweni au grosari. Bado wananiheshimu pale, wananiita Mkuu, na huwezi kuitwa Mkuu halafu ukainuka bila kulipa meza.

Binti wa mwisho yuko mwaka wa pili chuoni Dodoma. Mkopo wa bodi haumtoshi, namwongezea shilingi 120,000 kila mwezi.

Sasa mdogo wangu amepata Hiace inayouzwa milioni 16, ina njia tayari hapa mjini. Anasema pesa ikikaa benki inalala, na kwamba mstaafu asiye na mradi hamalizi miaka mitano. Hilo la mwisho limenikaa kichwani. Isitoshe jirani yangu aliyestaafu 2019 alichukua nusu nzima ya mafao yake, ana fremu nne za kupangisha. Sisi kikokotoo, ile kanuni mpya ya kupiga hesabu ya mafao, kimetumaliza. Mama watoto aliposikia habari ya gari alitoka nje. Hajui kiasi kamili nilichopokea. Hajauliza, nami sijasema.

Ninunue gari au nisinunue? Na hii hali ya kujiona kama kiti kilichozidi ndani ya nyumba, inaisha?

Nyongeza: juzi kuna mtu kanipigia, anajua jina langu kamili na mwaka niliostaafu. Anasema kuna mapunjo ya mafao yangu, zaidi ya milioni 7, yamekwama. Anataka nitume 300,000 ya kufungulia faili. Sijatuma bado.

Mwalimu mstaafu, Morogoro


JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Hiace usinunue. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Sisemi biashara ya daladala ni mbaya, wapo watu hapo hapo Morogoro waliosomesha watoto kwa gari moja. Lakini wanaofanikiwa ni wale wanaoshinda stendi, wanaojua bei ya spea bila kumuuliza fundi, na ambao dereva wao walimjua tangu akiwa konda. Wewe hilo gari ungelijua kwa kuletewa hesabu tu. Wiki za mwanzo hesabu ingefika kamili. Kisha ingeanza kufika pungufu, ikisindikizwa na simu: trafiki walitukamata, klachi imeungua, leo abiria hakuna. Weka na bima, kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na matairi. Gari lenyewe la milioni 16 ni kuukuu, na ungebakiwa na milioni 2 za kulitengeneza.

Jambo lingine: mdogo wako anakushauri juu ya gari, na tayari ana pikipiki uliyomnunulia kwa milioni 3. Barua nzima hukuandika hata mstari mmoja kuhusu inaingiza nini. Muulize kwanza hiyo.

Sasa orodha yako. Uliyoyataja yote yanafika milioni 28.1. Ukijumlisha na 18 zilizobaki unapata 46.1, kwa hiyo zinazokosekana ni milioni 4.5 kama ulivyosema. Zigawe kwa miezi minane. Ni shilingi 562,500 kila mwezi, na pensheni yako ni 506,000. Umekuwa ukila pensheni mbili, na ile ya pili, ambayo hakuna aliyekuahidi, ndiyo kubwa. Kwa mwendo huo milioni 18 zitakwisha baada ya miezi 32, hata kama hakuna gari litakalonunuliwa na hakuna mtu atakayeugua. Utakuwa na miaka 63.

Unasema huzioni zilikokwenda, lakini umeniandikia mwenyewe. Ni kwenye ile meza. Na si meza peke yake. Ukiisoma upya orodha yako, utaona sehemu kubwa ya fedha imetoka mahali ambapo kuna mtu wa kukuita Mkuu: sherehe ambayo uliongezea mfukoni ili iwe ya hadhi, harambee ambako nina hakika jina lako lilitajwa kwenye kipaza sauti, mdogo mtu aliyepiga magoti kuomba pikipiki. Nyumbani, ambako hakuna anayekuita hivyo, mnaongea habari ya gesi kuisha. Mimi sioni kama umetapanya fedha kwa anasa. Naona umekuwa ukikinunua tena cheo chako kwa rejareja, na wauzaji wamejua unakitaka.

Ndiyo maana siwezi kukushauri habari za fedha peke yake halafu zile za moyo tuziweke pembeni. Nikikupa bajeti leo bila kugusa ile kengele ya asubuhi, kesho jioni utaichana hiyo bajeti grosari.

Kabla sijafika huko, nikujibu la kikokotoo, kwa sababu watu wengi hukwambia "shukuru tu", na mimi nadhani mstaafu anastahili hesabu. Kwa kanuni ya sasa, miezi yako 408 ya utumishi inagawanywa kwa 580, inazidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, kisha mkupuo unakuwa asilimia 40 ya hapo mara 12.5. Asilimia 60 ndiyo pensheni ya mwaka mzima. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, na ikapandishwa hadi 40 kuanzia Julai 2024, kwa hiyo wewe umekuta afadhali kuliko waliokutangulia miaka miwili. Kwa kanuni ya zamani, ile ya jirani yako ya mwaka 2019, kigawanyo kilikuwa 540, kizidisho 15.5, na mkupuo nusu. Nimeipiga kwa mshahara wako: ungechukua kama milioni 84, na pensheni ya shilingi 453,000. Yaani umepoteza takriban milioni 34 za mkupuo ili uongezewe shilingi 53,000 kwa mwezi. Hasira yako ina msingi, na asikudanganye mtu kwamba hujui hesabu.

Ila niambie kitu kimoja kwa ukweli. Kwa orodha hii uliyoniandikia, zile milioni 34 za nyongeza zingekuwa wapi leo? Jirani mwenye fremu nne unamwona kila siku kwa sababu fremu zinaonekana barabarani. Waliochukua nusu nzima na sasa wanakopa sukari dukani huwaoni, na hawatakuita uwaone. Hiyo 506,000 inayoingia kila mwezi hakuna ndugu wala fundi anayeweza kuimaliza yote kwa siku moja. Ichukulie kuwa ndiyo mshahara wako mpya, na uishi ndani yake. Chai, mboga, umeme, maji, binti wa kazi, vyote viishe humo. Ni ngumu, najua, umetoka kwenye mshahara wa 1,200,000 na posho ya madaraka juu yake. Lakini nyumba ni yako, hulipi kodi, na aliyekuwa ameshika kadi yako umeshamalizana naye. Kadi hiyo asiishike mtu mwingine tena, wala mkopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, wala rafiki wa karibu.

Milioni 18 zitoe kwenye akaunti unayoweza kuifikia kwa simu ukiwa grosari. Mimi ningezigawa hivi. Milioni 3 ziende kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako unaweza kuuza vipande na kupata pesa yako ndani ya siku chache za kazi. Hizo ni za ugonjwa, msiba wa nyumbani kwako hasa, na paa likivuja. Milioni 15 zinunue hatifungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali kwa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Unaingia kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kuanzia shilingi milioni moja, na riba inalipwa kila baada ya miezi sita. Kiwango hutegemea muda wa hatifungani na kinabadilika, kwa hiyo tuseme asilimia 12 kwa mfano tu. Hapo ungepata milioni 1.8 kwa mwaka, laki tisa kila miezi sita. Laki tisa za kila nusu mwaka zinambeba binti yako wa Dodoma, maana 120,000 unazomtumia kwa miezi sita ni 720,000, na chenji inabaki. Ile 120,000 ikitoka kwenye pensheni, nyumbani mnabaki na 386,000, na hapo ndipo mtakapogombana.

Mdogo wako atasema fedha imelala. Mwambie inazaa ikiwa imelala.

Tahadhari moja juu ya hatifungani: ukinunua ya miaka 20 au 25 usiifanye kama akiba ya kuchukua wiki ijayo. Kuiuza kabla ya muda inawezekana, lakini bei utakayoipata inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ndiyo sababu ya zile milioni 3. Na akitokea mtu wa kikundi cha kuwekeza kinachotoa faida kubwa kila mwezi, mkumbushe DECI, ule upatu ulioanguka mwaka 2009 na fedha za watu. Wewe ulikuwa kazini wakati ule, nina hakika unawajua walimu waliolia.

Kijana wa Dar ulimpa milioni 5. Ihesabu kuwa zawadi. Usimsumbue airudishe, na usiongeze hata senti. Akipiga simu kwamba mtaji umekatika, msikilize kama baba, mpe pole, umalize mazungumzo.

Sasa mama Neema.

Unasema hajui kiasi ulichopokea, hajauliza nawe hujasema. Mwalimu, huyu ni mke wa mtumishi wa umma, mkoa mmoja na maelfu ya wastaafu wanaoongea habari ya mafao kwenye daladala, kanisani na saluni. Kikokotoo anakijua. Mshahara wako alikuwa anaujua. Aliona vigae vinaingia, aliona pikipiki inaondoka. Nadhani amepiga hesabu mwenyewe zamani, na sasa ananyamaza kukusubiri. Alipotoka nje siku ulipotaja Hiace, sidhani kama lilikuwa ni gari. Ilikuwa ni mara nyingine tena anasikia jambo likiwa limeshaamuliwa, kama mzazi aliyeitwa shuleni kupewa taarifa.

Na ile ratiba kwenye friji, nisamehe, nilicheka. Fikiria ulivyokuwa ungejisikia kama siku moja mkaguzi angefika shuleni kwako, akakuta ufaulu umepanda, watoto wanakula, madawati yapo, halafu akabandika ratiba yake ukutani kwa sababu hakuona daftari. Huyu mama ameendesha nyumba hiyo miaka 14 bila wewe. Watoto wamesoma, binti amefika chuo. Fremu ya sare haina daftari la mapato kwa sababu daftari liko kichwani mwake, na usiliguse. Mimi nimeona ndoa zikivunjika kwa wastaafu waliotaka "kuisaidia" biashara ya mke iliyokuwa inaendelea vizuri bila wao.

Ninyi wawili hamjawahi kuishi pamoja siku saba kwa wiki kwa muda mrefu. Mnaanza upya na hakuna aliyewaambia. Kuna mume aliyerudi nyumbani akitarajia kupokelewa, na mke aliyezoea nafasi yake, ghafla mtu amekaa sebuleni tangu alfajiri amevaa shati la kola akiangalia saa ngapi kifagio kinashikwa. Wote wawili mnastahili pole.

Fanya hivi. Chagua jioni moja ambayo yeye hana kazi ya kumalizia, si wakati wa sare za Januari. Chukua karatasi, andika namba zote kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na milioni nne na nusu. Mpe asome, usimsomee. Usihutubu. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, na usijibu kwa kuanza kumweleza jinsi ulivyoteseka kazini. Akimaliza mwambie zilizobaki ni hizi, na hakuna shilingi itakayotoka bila sahihi mbili. Benki nyingi zinafungua akaunti ya pamoja ya wawili. Ukimwomba ushauri, umwombe kweli, usiwe umeshakuwa na jibu mfukoni.

Nije kwenye asubuhi zako. Kuna watu watakuambia ufuge kuku, ulime matikiti, ugombee uenyekiti wa mtaa. Mimi ninawaonea wastaafu huruma kwenye hii habari ya "anzisha mradi", kwa sababu wengi wanapewa mtaji mwaka uleule ambao akili yao haijatulia, kwenye kazi wasiyoijua, tena kwa haraka ya kuthibitisha kwamba bado wamo. Ukipenda kuku, fuga kumi wa kula mayai nyumbani. Biashara ya kutumia mkupuo iache mwaka mzima upite kwanza. Na ile kauli kwamba mstaafu bila mradi hamalizi miaka mitano, ni maneno ya mtu anayetaka Hiace.

Lakini kitu cha kukutoa sebuleni unakihitaji, na ninadhani unakijua. Ile kengele inayokuumiza inatoka shule ya msingi, na wewe una miaka 34 ya kufundisha. Kila mtaa kuna watoto wa darasa la tatu na la nne ambao bado wanasoma kwa kukisia herufi. Kaa kwenye baraza lako na watoto watano au sita, kwa muda wa saa mbili tu kila jioni, KKK tupu: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mzazi mwenye uwezo achangie kidogo, asiye nacho aache. Utazame kama unakumbuka kushika mkono wa mtoto anayejifunza kuandika, au miaka ya ofisini imekusahaulisha. Hapo hakuna cheo na hakuna mgeni rasmi, na mtoto akikuita atakuita Mwalimu. Saa hizo ndizo ulizokuwa unakwenda grosari, hilo sikulipanga kwa bahati mbaya.

Asubuhi ibaki ya mwili. Tembea, Milima ya Uluguru iko mbele yako na wewe unatazama mlango wa friji. Ukirudi soma gazeti nje. Shati la kola endelea kulivaa kama linakupa nguvu, sioni ubaya wake.

Kijiweni nenda, sikukatazi, watu wa kuongea nao unawahitaji. Nenda na shilingi 5,000 na simu uiache nyumbani. Wa kwanza kukukwepa baada ya meza kutolipwa utawafahamu kwa majina. Watakaobaki kucheza bao na wewe ndio wako.

Kuna jambo sikulipenda kwenye barua yako: huzuni imekaa muda, na siku "inakushinda". Nenda kapime presha na sukari, kisha mwambie daktari hali yako ya moyo kama ulivyoniambia mimi, usiishie kusema "nasikia uchovu". Hospitali ya rufaa ya mkoa wanahudumia afya ya akili na hakuna anayekufanya kichaa. Kama ulikuwa unachangia NHIF, mfuko wa bima ya afya, kazini, mstaafu na mwenza wake wanaendelea kutibiwa. Hakikisha kadi zenu zote mbili zimebadilishwa kuwa za mstaafu kabla hamjaugua, usije ukaanza kuhangaika na karatasi ukiwa kwenye foleni ya wagonjwa. Watoto hawamo kwenye utaratibu huo, kwa hiyo wa Dodoma aulizie bima ya wanafunzi chuoni.

Ile kuondolewa kwenye kundi la WhatsApp bila asante, waliokuondoa walikosea adabu. Mpigie simu mkuu mmoja wa shule uliyemlea, yule unayemjua anapata shida na kamati yake, umuulize anaendeleaje. Usimwambie habari za kundi.

Na mtu wa milioni 7: usimtumie shilingi. Mfuko wa pensheni hauombi fedha ili ukupe fedha yako, na hakuna faili linalofunguliwa kwa muamala wa simu. Kujua jina lako na mwaka wako wa kustaafu si ushahidi wa chochote, hizo taarifa zinazunguka. Kama kweli unahisi kuna mapunjo, chukua barua yako ya mafao na hati za mshahara, uende ofisi ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hapo Morogoro kwa miguu yako. Ukiwa huko uliza pia tarehe yako ya uhakiki na namna ya kujihakiki kwa simu, kwa sababu asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa. Kisha namba ya huyo bwana ipeleke polisi, na umwonyeshe mama Neema, yeye ndiye atakayepokea simu kama wakipiga ukiwa barazani na watoto.